Bei Njoo Inboksi: Mwongozo wa Muuzaji Mwenye Haraka

Jambo la kwanza: huhitaji bidhaa. Wanaoanza hawaamini, hasa waliolelewa kwenye familia za maduka, ambako mzigo hununuliwa kwanza, ukapangwa kwenye rafu, ndipo mwenye duka akakaa kusubiri mteja huku akipeperusha nzi kwa gazeti. Siku hizi unahitaji picha tu. Picha zimejaa, tena za bure, kwenye kurasa za wauzaji wa Guangzhou na Istanbul, wenye taa nzuri na wanamitindo wasio na matumbo. Chukua. Kama mwenye picha ameandika jina lake pembeni, likate. Kama amelipitisha katikati ya gauni, libandike kopa jekundu juu yake au namba yako ya simu kwa maandishi manene. Mteja ataona ni urembo.

Kariakoo kazi hii ipo siku nyingi na anayeifanya anaitwa winga. Anakudaka Msimbazi, anakuuliza unatafuta nini, anakuongoza hadi duka la mtu mwingine mtaa wa Aggrey au Narung'ombe, na kabla hujaketi ameshakonyezana na mwenye duka kuhusu cha juu chake. Ni kazi kama kazi nyingine na wapo walioijengea nyumba. Ila winga wa miguu ana udhaifu mmoja: anaonekana. Ana sura, ana kijiwe, na viatu vikikubana kesho utamkuta pale pale alipokudaka jana, na kofia yake ile ile. Wewe umetuliwa mzigo huo. Mteja akitaka kukuona, zungumza naye hivi:

— Dada, duka lenu lipo wapi?

— Kariakoo, kipenzi.

— Kariakoo mtaa gani?

— Msimbazi. Ukifika piga simu uelekezwe.

— Nimefika, nipo hapa kituo cha mwendokasi.

— Pole mpenzi, leo hatujafungua, tunasambaza tu.

Rudia kila wiki hadi achoke. Najua Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao amweleze mnunuzi jina lake kamili na mahali anapopatikana. Walioitunga walikuwa watu wenye ofisi, na mwenye ofisi hudhani kila mtu anayo.

Sasa bei. Usiiandike kamwe. Mteja akiuliza hadharani, mjibu, "Nimekujibu inboksi, dear," hata kama hujamjibu. Ukiiandika pale chini ya picha umejifunga mwenyewe: mke wa mkurugenzi na mwanafunzi wa chuo watalipa sawasawa, na hapo biashara itakuwa imegeuka kuwa duka la ushirika. Inboksi kuna nafasi ya kumtazama mtu. Fungua ukurasa wake. Amepiga picha ndani ya ndege, dirishani? 85,000. Amepiga picha na wenzake kwenye mahafali, viatu vya kuazima? 60,000, na ofa inaisha leo saa sita usiku. Akikaa kimya dakika kumi, mtumie alama ya kulia machozi kisha 55,000. Akinunua kwa 55,000 atawasimulia marafiki zake jinsi alivyokubana, na furaha hiyo nayo umemuuzia, kwa sababu gauni lenyewe mwenye duka analitoa kwa 22,000.

Simu zina somo lake, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo wanafunzi wengi wanapofaulu.

Simu iliyotumika lazima iwe imetoka Dubai. Haijalishi imetoka wapi kweli, hata kama mtu alinyang'anywa dirishani mwa daladala kwenye foleni ya Ubungo. Imetoka Dubai, na huko ilikuwa ya dada mmoja ambaye alikuwa haitumii sana. Huyo dada ana mali: ndiye aliyemiliki kila simu ya mkono wa pili inayouzwa Afrika Mashariki, na hakuna hata moja aliyowahi kuiangusha. Kuhusu betri, sema inakaa na chaji. Usiseme inakaa kwa muda gani. Skrini iliyobadilishwa Makumbusho kwa fundi ni "skrini safi". Spika inayokoroma haionekani pichani, kwa hiyo haipo. Mkwaruzo, geuza, simu ina pande sita, na ni nadra zote kuharibika kwa pamoja.

Atatokea mjuaji wa kukutaka ubonyeze *#06# umtumie picha ya tarakimu 15 zinazotokea, alinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi. Mwambie boksi lilibaki kwa yule dada. Watu wa namna hii ni masalia ya Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu feki na watu wakaamka asubuhi na vifaa walivyoapiwa kuwa ni orijino, haviwezi hata kubipu. Tukio lile lilizalisha tabia ya kuuliza maswali, lakini nashukuru tabia yenyewe haikudumu.

Hapa pana nadharia, na mwongozo usio na nadharia haupati wafuasi. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliogawana Nobel ya uchumi. Hoja yake mama yeyote wa sokoni angeielewa kabla maji ya chai hayajachemka. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na kimeo, hatatoa bei ya gari zima. Atatoa ya katikati, ajikinge. Mwenye gari zima akiona anapunjwa, analirudisha nyumbani. Mwenye kimeo anaona ni neema, anabaki. Kesho mnunuzi anagundua kuwa vimeo vimezidi, anashusha bei tena, na wengine wenye magari mazima wanaondoka, hadi soko zima linabaki la kuuziana mbuzi kwenye gunia. Akerlof aliliona hilo kuwa janga. Wewe lione kama kupungua kwa washindani.

Unahitaji pia ushuhuda wa wateja. Wateja halisi ni wavivu wa kushukuru, kwa hiyo kazi hii utaifanya mwenyewe. Chukua laini ya pili, jiandikie, piga picha ya skrini, ufute jina kwa rangi nyeusi ili ionekane unalinda faragha. Angalizo la kitaalamu: usiandike vizuri. Ukiandika, "Nimeupokea mzigo wangu salama, nawashukuru kwa huduma bora," kila mtu atajua ni wewe. Andika, "Mzigo nmepata dear mungu akubaliki jmn gauni zuli." Kosea herufi mbili au tatu, isizidi hapo. Halafu uwashukuru wateja wako kwa kukuamini, huku ukifuta maoni ya yule dada wa Kigamboni anayeuliza pesa yake kwa mara ya tisa. Mwaka 1996 soko la mtandaoni la eBay liliweka utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupeana alama hadharani, na muuzaji akawa hana kitufe cha kufuta alichoandikiwa. Fikiria dhuluma hiyo. Ukurasa wako wa Instagram una kitufe cha kufuta, na cha kumfungia mtu kipo jirani yake.

Tuje kwenye pesa, ambako upole wote unaishia. Kanuni ni lipia kwanza, na uweke ya kutolea. Usisahau ya kutolea. Muuzaji asiyeidai anatiliwa shaka kuwa ni mgeni kazini. Kigingi kipo kimoja tu: kabla pesa haijaondoka, simu humwonyesha mteja jina la anayepokea. Ukurasa una jina la kike na maua, jina linalokuja ni la mwanamume wa makamo. Mtangulie: "Litakuja jina la shemeji yangu, usiogope." Katika biashara hii kila mtu ana shemeji mwenye laini. Wakikushauri uchukue Lipa Namba yenye jina la biashara yako, sema unaishughulikia. Endelea kuishughulikia.

Wazee wa kazi walikuwa wakituma meseji kwa watu wasiowajua: ile pesa tuma kwenye namba hii. Hawakueleza pesa ipi. Walitegemea kwamba mahali fulani yupo mtu anayedaiwa kodi na mwenye nyumba, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshika simu akitaka kuituma. Ilikuwa kazi ya jasho, na TCRA ikaiharibu kwa kutoa namba 15040 ya kuwaripotia. Wewe umestaarabika: mteja ndiye anayekuandikia kwanza, akakubembeleza umpe namba ya kutumia pesa.

Na piga padogo. Hili walafi hawalijui. Mtu uliyemliza milioni mbili atakwenda polisi, atafungua jalada chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, atampigia binamu yake aliye jeshini. Uliyemliza 35,000 atapiga hesabu: nauli ya kwenda kituoni, ya kurudi, kwenda tena afisa anayehusika akiwa hayupo, kukosa nusu siku ya kazi. Atakulaani kwa Mungu, atamsimulia dada yake, basi. Watu wengi waliolizwa kidogo kidogo ni mtaji mzuri kuliko mmoja aliyelizwa sana, kwa sababu kila mmoja ana aibu yake na hakuna anayejua kuwa wenzake wapo.

Mteja wa mkoani ni wa kutunzwa kwa namna ya pekee. Wa Dar atasema alipe mzigo ukifika, na huna la kumfanya. Wa Songea au Bukoba hana bodaboda ya kumfikia. Lazima alipe kwanza, mzigo upande basi. Weka akiba ya picha moja ya risiti ya mzigo kutoka stendi ya Magufuli, tarehe imekunjwa kidogo. Hiyo itahudumia kanda nzima ya ziwa. Mzigo ukichelewa, basi limeharibika Singida. Ukizidi kuchelewa, kondakta amebadilishwa zamu.

Nimewaonea wauzaji vya kutosha. Wanunuzi nao wanastahili ukurasa wao, maana wengi wanajiona malaika kwa sababu tu wao ndio wenye pesa.

Mnunuzi hodari huagiza usiku akiwa hana usingizi, anatuma na ramani ya anapoishi, anaandika "niletee kesho saa nne kamili, nina haraka". Saa nne kamili anazima simu. Au anapokea kwa kunong'ona, yupo kikaoni. Au mume yupo ndani, gauni lisiingie leo. Nauli ya bodaboda kutoka Kariakoo hadi Goba imeshatumika, na ya kurudi nayo ni ya muuzaji. Wa daraja la juu zaidi hulipa kwa meseji waliyoitunga wenyewe: wanaandika "Imethibitishwa", wanaweka namba ya muamala ya kubuni, wanamwonyesha dereva skrini iliyopasuka juani, na dereva akisema ngoja nimpigie muuzaji wanakasirika, "Kwani mimi mwizi?" Wengine hulipa kweli, wanachukua mzigo, kisha wanapiga huduma kwa wateja wakisema wamekosea namba, wanaomba muamala urudishwe. Wapo na wa harusi. Gauni linapokelewa Ijumaa, linarudi Jumatatu kwa sababu "halijanitosha", likinukia udi, na doa la pilau kwenye mkono wa kulia. Mwili ambao gauni halikuutosha ulicheza nalo hadi saa tisa usiku, video zipo.

Ndiyo maana nashauri uende ukatazame kinachotokea getini, Tabata, saa kumi na moja jioni. Dereva ameegesha pikipiki, helmeti mkononi, mfuko mweusi umening'inia kwenye usukani. Simu yake iko spika. Humo muuzaji anasema, "Usimpe kabla hajalipa." Mbele yake mteja, kanga kiunoni, anasema, "Silipi kabla sijaona." Dereva anafungua mfuko, anakunjua gauni, analiinua juani kwa vidole viwili.

"Dada, mbona ni la kijani? Mimi niliagiza bluu."

"Muuzaji anasema hiyo ni bluu ya bahari."

"Bahari ya wapi?"

Jirani anayechambua mchicha barazani anaitwa atoe uamuzi. Anatazama, anasema ni kijani, anarudi kwenye mchicha. Muuzaji anadai ni skrini ya simu ya mteja. Wanakubaliana kupunguza 5,000. Mteja anatuma, muuzaji anasema haijaingia, mteja anaonyesha meseji, dereva anaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, hadi namba ya muamala. Wanasubiri wote, hakuna anayemtazama mwenzake. Inaingia. Dereva anakabidhi mfuko na kuondoka na ujira wake ambao hautoshi hata kwa kazi ya kuendesha, achilia mbali ya uhakimu.

Wachina walikwama mahali hapa hapa. Kwenye Taobao, soko lao la mtandaoni, mnunuzi alikuwa hataki kutuma pesa kabla ya mzigo, na muuzaji hataki kutuma mzigo kabla ya pesa, ndipo mwaka 2003 ikaanzishwa Alipay, ikawa inaishika pesa ya mnunuzi hadi aseme mzigo umefika na ni ule aliouagiza. Kampuni kubwa, wahandisi, kompyuta. Sisi kazi hiyo tumempa kijana mwenye pikipiki ya mkopo. Yeye ndiye mkaguzi wa rangi, mshika dhamana, shahidi na msuluhishi, na kama pande zote mbili zikidanganyana, yeye ndiye anayeitwa mwizi mtaani, kwa kuwa ndiye pekee aliyekwenda na sura yake.

Lazima nikutahadharishe pia kuhusu muuzaji wa aina fulani, usije ukamwiga kwa bahati mbaya. Utamtambua kwa picha zake mbaya. Gauni amelitundika kwenye mlango wa chumba, msumari unaonekana, nyuma kuna ndoo. Ameandika bei, pale pale hadharani, kila mtu aione. Ameweka futi kamba, akaandika kifua inchi 38, kiuno 32, urefu 52, badala ya kusema "free size" inayomkaa mtoto wa sekondari na mama yake. Na chini anaongeza, bila kuulizwa: "Zipu inakwama kidogo ikifika kiunoni, vuta taratibu. Kuna uzi umetoka kwapani, nimeushona."

Unadhani watu wanamkimbilia? Wanamwogopa. Wamezoea kwamba kasoro anayoitaja muuzaji ni ile ndogo, kubwa ameificha. "Mbona bei rahisi hivi?" "Mbona picha zako hazivutii, ni mtumba?" "Kama zipu inakwama unauza ya nini?" Na kwa kuwa ameshaungua mara nyingi na wateja wanaozima simu saa nne kamili, naye sasa anaomba nauli ya bodaboda kabla mzigo haujaondoka. Mteja mgeni akisoma hapo anashtuka: anaomba pesa kwanza, huyu mwizi. Anakuja kwako. Kwako kuna kopa jekundu, kuna ushuhuda, na wewe humwombi nauli, unamwomba yote. Angalau huzungushi maneno.

Kila anayelizwa nawe anamwendea huyu dada wa msumari akiwa mkali. Anamtaka apige video ya gauni kutoka ndani na nje, amtumie picha ya kitambulisho, aongee naye kwa simu ya video kwanza ili aone kama ni mtu kweli. Dada anafanya yote hayo kwa faida ya 8,000. Wewe gharama zako zote anazilipa yeye, na hajui hata jina la ukurasa wako.

Usipatwe na huruma. Siku itafika ambapo malalamiko yatakuwa mengi kuliko kasi yako ya kuyafuta, mtu atakupiga picha za skrini na kukusambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, na watu watakuwa wanaandika "jihadharini na huyu" chini ya kila gauni. Usifungue ukurasa mpya, huo ni ushamba. Badili jina la huu huu. Futa picha zote, weka picha mpya, ya wasifu iwe mtoto mchanga anacheka, na biashara iwe ya nguo za watoto. Wazazi hununua kwa moyo. Instagram ina mahali pa kubonyeza panapoonyesha akaunti ilifunguliwa lini na kama imewahi kubadili jina, lakini nenda ukawaulize wateja wako ni wangapi wanaojua pako wapi. Ukurasa uliouza simu za Dubai mwaka jana utauza soksi za watoto mwaka huu, na wafuasi wako 40,000 watabaki pale pale walipo, maana wengi wao hawakuwa watu tangu mwanzo.